Hakukosa shukrani, alikosa mtaji

Swali: Shikamoo Mwalimu. Kikundi chetu cha maigizo kinaandaa *Pygmalion* ya George Bernard Shaw na mazoezi yamekwama kwa ubishi. Wavulana wanasema Eliza hana shukrani: kaokotwa mtaani, kalishwa, kavishwa, kafundishwa kusema kama mabibi wakubwa, halafu anamrushia mwalimu wake ndara. Asante ya punda ni mateke, wanasema. Mimi ndiye Eliza na nahisi wanakosea, ila hoja sina. Kwani analilia nini ilhali ameshinda? Na mwishowe anaolewa na Higgins au haolewi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. La mwisho ndilo jepesi: haolewi naye, na nitakuonyesha kwa nini watu wengi wanaamini vinginevyo. Lile la katikati ndilo tamthilia yenyewe. Ukilijibu vizuri, hata mkono utakaorusha zile ndara utajua uzito wake.

Niwakumbushe kisa wasiokisoma. London, usiku wa saa tano na robo, mvua inanyesha, na watu wa kila aina wamejibanza kwenye baraza la Kanisa la St Paul's, Covent Garden. Msichana muuza maua, Eliza Doolittle, anajaribu kuuza vishada vyake. Nyuma ya nguzo kuna bwana anayeandika kila neno analolisema. Ni Henry Higgins, bingwa wa fonetiki, mtu anayeweza kukusikia ukisema sentensi mbili akakutajia mtaa uliokulia. Pembeni yupo Kanali Pickering, mtaalamu wa lugha za Kihindi. Kesho yake Eliza anamfuata Higgins nyumbani kwake Wimpole Street kuomba masomo. Mabwana wawili wanawekeana dau: katika miezi sita Higgins amfanye msichana huyu apite kama dachesi, bibi wa tabaka la juu kabisa, kwenye karamu ya balozi. Pickering anashindwa dau, yaani Eliza anapita. Na usiku huohuo wa ushindi ndipo ndara zinaporuka.

Sasa rudi kwenye tendo la pili, pale Eliza anapoingia na kofia yake ya manyoya ya mbuni. Watu hupapita mbiombio kwa sababu panachekesha. Amekuja kununua, hakuja kuomba. Anamtolea Higgins shilingi moja kwa somo moja. Higgins, ambaye hana adabu lakini ana hesabu, anapiga mahesabu papo hapo: msichana huyu anapata kama nusu krauni kwa siku, yaani shilingi mbili na peni sita. Shilingi moja ni sehemu mbili kwa tano za pato lake la siku. Milionea akitoa sehemu hiyohiyo, anasema, ingekuwa kama paundi 60. Hajawahi kutolewa bei kubwa kiasi hicho. (Shilingi hiyo ndiyo iliyosafiri na Waingereza hadi ikawa jina la fedha yetu, kwa hiyo mwambie mwigizaji mwenzako asiitamke kama kitu cha kigeni.)

Na anataka kununua nini? Sikiliza vizuri. Anasema hataki tena kuuza maua kwenye kona ya Tottenham Court Road, anataka kuajiriwa kwenye duka la maua, lakini hawamchukui mpaka aseme kwa ustaarabu zaidi. Basi. Hakuomba udachesi, hakuomba karamu. Alijua hasa kizuizi chake kiko wapi, alijua bei yake, akaja na pesa mkononi. Ni mjasiriamali kuliko mtu mwingine yeyote kwenye jukwaa hilo.

Mabwana wale wakabadilisha mkataba bila kumuuliza. Alikuja kununua kazi, wakamtengenezea cheo. Kazi na cheo, katika Uingereza ya 1912 Shaw alipoandika, vilikuwa vitu vinavyogombana hasa kwa mwanamke. Muuza maua wa barabarani anaweza kuuza maua. Msaidizi wa duka anaweza kuuza maua akiwa amesimama nyuma ya meza safi. Bibi muungwana hauzi chochote. Akionekana anauza, uungwana unamvuka.

Nimetumia neno *muungwana* makusudi. Katika pwani yetu muungwana alikuwa mtu huru, kinyume cha mtumwa, mwenye ukoo unaojulikana. Leo tukisema fulani muungwana tunamaanisha ana adabu. Neno moja limebeba nasaba na tabia, na huwezi kujua kwa hakika msemaji anamaanisha ipi. Kiingereza kina maneno ya namna hiyohiyo, na Shaw aliingiza mkono katikati ya maana hizo mbili akazivuta zitengane. Ndiyo maana katika tendo la tano Eliza anasema tofauti ya bibi na muuza maua haiko katika mwenendo wake, iko katika jinsi anavyotendewa. Elimu yake, anasema, ilianza siku ya kwanza Pickering alipomwita "Miss Doolittle." Higgins alimfundisha irabu, Pickering alimvulia kofia.

Kuna jambo moja naomba ulipeleke mazoezini kesho. Hesabuni wanaouliza swali hili: msichana huyu atakuwa nani mkishamaliza? Wa kwanza ni Bi Pearce, msimamizi wa nyumba ya Higgins, katika tendo la pili, kabla hata masomo hayajaanza. Higgins anamjibu kwamba wakimaliza naye watamrudisha mtaroni. Wa pili ni mama yake Higgins, katika tendo la tatu. Huyu ni bibi tajiri wa Chelsea, naye anawaambia mwanawe na Kanali kwamba ni viumbe wa kiume wajinga kupindukia: mnampa tabia na mazoea yanayomzuia bibi kujitafutia riziki, bila kumpa kipato cha bibi. Wa tatu ni Eliza mwenyewe, usiku wa manane, tendo la nne. Mtumishi, tajiri na msichana wa mtaani, wanawake watatu wa matabaka matatu, wote wanaona shimo lilelile. Wanaume wawili wasomi, mmoja anajua kutofautisha irabu 130, hawalioni. Shaw hakuandika hilo kwa bahati.

Kwa nini hawalioni? Kwa sababu kwao usemi mzuri ulikuja pamoja na pesa, tangu utotoni, wakadhani ni kitu kimoja. Tazama Higgins mwenyewe: anatukana, anafuta vidole kwenye joho lake la asubuhi mpaka Bi Pearce anamkanya, anawakaripia wageni wa mama yake. Hakuna anayemwondolea ubwana wake. Mwenye kipato ana ruhusa ya kusema vibaya.

Eliza ruhusa hiyo hana, na tendo la tatu linaonyesha hivyo kwa kichekesho kikubwa kuliko vyote. Anapelekwa kwa mama Higgins kujaribiwa. Matamshi yake sasa hayana kasoro. Anaanza na hali ya hewa kama alivyoagizwa, na inatoka kama taarifa ya redio. Halafu kwa sauti hiyohiyo ya marumaru anasimulia jinsi ndugu wa mzazi wake alivyokufa: watu wanasema ni homa ya mafua, yeye anaamini walimmaliza kwa ajili ya kofia yake; na ile pombe kali wala isingemdhuru, kwake ilikuwa kama maziwa ya mama. (Kiingereza kina neno moja tu hapo, mtafsiri wa Kiswahili lazima aamue kama marehemu ni shangazi au mama mdogo, na Shaw hatusaidii. Mimi ningesema shangazi, linachekesha zaidi mdomoni.) Kisha anaondoka, anaulizwa kama atatembea kwa miguu kukatiza bustani, anajibu kwa lile neno "bloody" lililoitikisa London onyesho lilipofunguliwa His Majesty's Theatre tarehe 11 Aprili 1914. Likitafsiriwa neno hilo linapwaya. "Damu" kwetu haimtukani mtu. Usihangaike kutafuta tusi zito la kulishindania. Kinachochekesha ni kwamba limetoka kwenye kinywa kilichopigwa pasi.

Maana ya onyesho hilo wengi wanaikosea. Wanasema linaonyesha Eliza bado hajaiva. Sawa, lakini tazama nani anamwamini: familia ya Eynsford Hill. Mama, binti yake Clara na kijana Freddy. Clara anadhani ndiyo mazungumzo ya kisasa, anaondoka akilijaribu neno lilelile. Na hao ni akina nani? Ni waungwana waliofilisika. Wana lafudhi yote, pesa hawana. Mama anamnong'oneza mama Higgins kwamba wao ni maskini na Clara hapati mialiko mingi ya karamu. Freddy hana kazi wala hakulelewa kuwa nayo. Wametua sebuleni mle kama kioo: Eliza, hivi ndivyo utakavyokuwa mabwana hawa wakishamaliza kukutengeneza. Yeye hakioni bado. Mama Higgins anakiona.

Upande wa pili wa kioo ni baba yake, Alfred Doolittle, mzoa taka. Anakuja Wimpole Street kudai paundi tano kwa binti yake, Higgins anamtolea kumi, anakataa: kumi zinamfanya mtu awe na busara, na busara ndiyo mwisho wa raha. Ni maskini asiyestahili kusaidiwa, anajitangaza, na mahitaji yake ni makubwa kama ya mjane anayestahili. Katika tendo la tano anarudi akiwa amevaa suti ya bwana harusi. Mmarekani mmoja tajiri amemwachia paundi 3,000 kwa mwaka kwa sharti la kutoa mihadhara ya maadili hadi mara sita kwa mwaka. Mtumishi anapomtangaza, anasema amekuja bwana. Pickering anashangaa: mzoa taka? Hapana, ni bwana.

Weka baba na binti kando kwa kando. Binti amepata usemi bila pesa, na hana pa kwenda. Baba amepata pesa na usemi wake wa jalalani uko palepale, na milango imefunguka. Analalamika kwamba sasa itambidi ajifunze lugha ya tabaka la kati, lakini katika maelezo ya mwisho aliyoyachapa 1916 Shaw anatuambia Doolittle alipaa moja kwa moja hadi kwa wakubwa kabisa, akiubeba uzoa taka wake kama bendera. Mzee alikuwa kivutio. Na aliombwa amsaidie binti yake? Alikataa kuongeza mzigo huo juu ya mizigo yake. Hapo huwa nafunga kitabu kidogo.

Basi twende kwenye ndara.

Usiku wa manane, Wimpole Street. Wametoka kwenye ushindi. Eliza amevaa joho la kifahari na vito. Mabwana wanazungumza juu yake kana kwamba hayupo: inachosha, namshukuru Mungu imekwisha. Higgins anauliza ndara zake ziko wapi. Eliza anatoka kimya, anazileta, anaziweka mbele yake. Yeye anaziona, anashangaa zimefikaje. Ndara hizo zimeletwa na mtu aliyetoka kuwa dachesi nusu saa iliyopita. Akipigwa nazo usoni, amerudishiwa alichokiomba.

Halafu soma polepole kinachofuata, maana ndipo majibu ya wavulana wako yalipo. Eliza anauliza: nafaa kwa lipi? Niende wapi? Higgins anatafuna tufaha na kupendekeza kwamba mama yake anaweza kumtafutia mume. Eliza anajibu kwamba kule Tottenham Court Road walikuwa juu ya hilo. Aliuza maua, hakujiuza. Sasa mmenifanya bibi, hakuna kingine ninachofaa kukiuza. Ni sentensi kali kuliko neno la tendo la tatu, na haikuleta kashfa yoyote magazetini.

Kumbuka tendo la kwanza. Alipoambiwa kuna mtu anaandika maneno yake, alilia kwa hofu kwamba ni askari, kwamba watamchafulia jina na kumtupa mtaani kwa kuwa amesemesha mabwana. Mwanamke maskini aliyesimamisha wanaume usiku alidhaniwa anauza kitu kingine. Ndiyo maana anarudia, mpaka watu wanacheka, kwamba yeye ni msichana mwema. Jina hilo ndilo mtaji pekee aliokuwa nao. Miezi sita baadaye, akiwa na matamshi ya ikulu, anaambiwa auze kitu kilekile alichokataa kukiuza, ila kanisani. Nchi hiyohiyo haikumpa mwanamke yeyote kura ya bunge hadi 1918, tena wa miaka 30 na kuendelea wenye sifa fulani. Usawa na wanaume ukaja 1928.

Hapo Higgins, bila kujua uzito wa analosema, anakumbuka: lile wazo lako la duka la maua je? Pickering anaweza kukufungulia, ana pesa nyingi. Anasema huku akisinzia. Kitu alichokifuata Wimpole Street na shilingi mkononi kinatajwa kama mabaki ya chakula.

Naye anauliza swali la mwisho: nguo hizi ni zangu au za Kanali? Anataka kujua asije akaitwa mwizi. Vito ni vya kukodi, anavivua vyote, anamwomba Higgins aende navyo chumbani kwake. Anavua na pete ambayo Higgins mwenyewe alimnunulia Brighton, na hiyo Higgins anaitupa kwenye meko kwa hasira. Hesabu basi: mtu aliyekuwa na chumba cha kupanga, kikapu na nusu krauni kwa siku, baada ya "kusaidiwa" hajui hata gauni alilovaa ni la nani. Waambie wavulana: mshukuru nani, kwa lipi? Mkono mtupu haulambwi, sembuse mkono uliokunyang'anya kikapu.

Sisemi Higgins ni mwovu. Namwonea huruma kidogo, na Shaw alimpa hoja nzuri katika tendo la tano, kwamba yeye humtendea dachesi kama muuza maua. Tatizo la hoja hiyo ni kwamba dachesi anarudi nyumbani kwake.

Kuhusu ndoa. Katika matini iliyochapwa 1916 Eliza anagundua silaha: anaweza kufundisha fonetiki. Ujuzi uliompa huwezi kuurudisha, anamwambia. Higgins anakaribia kumkaba, kisha anafurahi kwamba sasa amekuwa mwanamke kamili, na hapohapo anamwagiza akirudi amnunulie glavu na tai. Anajibiwa: nunua mwenyewe. Anatoka. Lakini Herbert Beerbohm Tree, aliyemwigiza Higgins kule London, akaanza kumrushia Eliza maua kabla pazia halijashuka, watu waondoke na harusi kichwani. Shaw akakasirika mno. Filamu ya 1938 ikamrudisha Eliza nyumbani, mchezo wa muziki wa 1956 ukafanya hivyohivyo, na dunia ikakumbuka hivyo. (Ile sentensi maarufu ya mazoezi ya matamshi, ya mvua ya Hispania, nayo haimo kwenye tamthilia. Ni ya filamu.) Katika maelezo yake Shaw anamwoza Eliza kwa Freddy, Kanali anawapa paundi 500, wanafungua duka la maua kwenye kituo cha reli, linapata hasara kwanza kwa kuwa hakuna kati yao anayejua kutunza hesabu, wanahangaika na madarasa ya jioni, na mwishowe duka linasimama, wakiuza na mboga. Wengine wanaona mwisho huo mkavu. Mimi naona ndiyo shilingi ya tendo la pili iliyofika dukani, ila kwa mzunguko mrefu na kwa pesa za mwanamume.

La ziada, kwa kuwa mnaigiza kwa Kiswahili: msimpe Eliza lafudhi ya kabila fulani. Najua itachekesha, watu watapiga makofi akichanganya r na l. Lakini usemi wake ni wa mwenyeji. Ni mzaliwa wa Lisson Grove, London ni kwao kuliko ilivyo kwa Kanali. Kinachodharauliwa pale ni tabaka, na mkimfanya mtu wa bara aliyekuja mjini mtaigiza kisa kingine kabisa. Tafuteni Kiswahili cha uswahilini cha mji uleule ambao Higgins anaishi, tofauti ya mitaa miwili tu.

Na katika tendo la nne, Higgins akishatoka na mlango ukishagonga, maelekezo ya Shaw yanasema Eliza anatabasamu kwa mara ya kwanza, anamwiga alivyotoka kwa kishindo, kisha anapiga magoti kwenye zulia la mekoni kuitafuta ile pete. Usiharakishe hapo. Itafute kwa vidole, gauni limelala sakafuni, na usiwaangalie watazamaji hata kidogo.